Jina Ambalo Afande Hakulihesabu

Kwenye kitambulisho changu cha taifa kuna majina mawili. Pale Kamwokya, mtaa wa Kampala, nilipokaa miaka saba sidhani kama watu watatu waliyajua. Mwenye nyumba hakuyajua. Jirani tuliyegawana ukuta, aliyenishika mkono siku ya kujifungua, hakuyajua. Nilikuwa Mama Fulani, basi, na Fulani ni binti yangu.

Jina lake la kweli siliandiki hapa. Ni jina la zamani, la nyanya wa babu yangu, aliyefuatana na mumewe kutoka pwani enzi za misafara na hakurudi tena. Kutoka huko sisi tulibaki na vitu viwili tu, Kiswahili cha nyumbani na majina. Kampala nzima sijasikia mtoto mwingine anayeitwa hivyo. Jirani alipolisikia mara ya kwanza alicheka mpaka akaweka beseni chini.

"Nnyabo, hilo ni jina au ni dawa ya minyoo?"

"Ni jina la watu waliovaa hariri," nikamwambia. "La kwako lilitoka kwenye kalenda ya kanisa, ukubali."

"Kale, Mama Fulani, nimekubali," akasema, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima ukaniita hivyo. Nililipenda. Ukimwita mwanamke kwa jina la mtoto wake unamwambia kwamba umemwona yeye na umeona alichokizaa. Yale majina mawili ya kwenye kadi sikuyalilia hata siku moja.

Kazi yangu ni cherehani. Nilikuwa na nafasi kwenye baraza la duka la vipuri vya simu, mkabala na kijia kinachoteremka sokoni. Napunguza suruali, natia zipu, nageuza kola zilizochakaa. Shule zikikaribia kufunguliwa wazazi wananiletea masweta niandike jina la mtoto kwa uzi ndani ya ukosi, kwa sababu shuleni sweta lisilo na jina ni la yeyote atakayelivaa kwanza. Nimeshona majina ya nusu ya watoto wa mtaa ule. La binti yangu nililishona kwa uzi wa njano, herufi kubwa, hata mwalimu mvivu angelisoma.

Ng'ambo ya kijia alikaa mzee fundi viatu. Kiswahili chake alikiokota katika kambi za jeshi, alikokuwa akishona buti ujana wake, na kilikuwa kimenyooka kama amri. "Wewe Mama Fulani! Kuja hapa! Hii mtoto yako imekula?" Binti yangu alimwita Jajja, yaani babu, na mzee alimwita mtoto Bibi kwa sababu ya lile jina la kizee. Mtoto akitoka shule alipitia kwake kwanza, kwangu baadaye. Nilikuwa nawaona kutoka kwenye cherehani, mzee anagonga soli, mtoto amemshikia misumari kwenye kiganja, wote wawili wanatafuna karanga na hakuna anayesema kitu. Mume wangu yuko Arabuni, analinda geti la watu. Zamani alilinda geti Nakasero, hapahapa Kampala, akaona afadhali alinde la mbali linalolipa. Kwa hiyo mzee yule kwangu hakuwa jirani tu. Mwanangu alikuwa na mahali pa kwenda.

Asubuhi moja, kama saa nne, boda boda yenye watu wawili iliteremka kijia polepole kama inayotafuta nyumba. Kwa mzee aliketi mteja, mguu mmoja una soksi tupu, anaongea kwenye simu kubwa. Aliyekaa nyuma ya boda akaruka akainyakua ile simu. Mzee akasimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Alisimama na msharasi wake mkononi, ule wa kutobolea ngozi, akasema kwa sauti ileile ya kambi, "Wacha!" Kijana akamsukuma kwa mikono miwili kifuani. Mzee akaanguka chali, kichwa kikapiga ukingo wa mtaro. Mlio ule ninao mpaka leo. Boda ikaondoka.

Sura sikuiona. Alivaa kofia ya pikipiki na barakoa. Nilichoona ni miguu, maana nilikuwa nimeinama natunga uzi. Suruali ya kaki. Upindo wa mguu wa kulia ulikuwa wa uzi wa kahawia, wa kushoto ulikuwa wa kijani.

Ule uzi wa kijani niliutia mimi. Wiki moja kabla, kijana mmoja ninayemjua kwa sura tu alileta suruali ile nimpunguzie, akasimama palepale kusubiri, ana haraka zake. Uzi wa kahawia ukaniishia mguu mmoja. Nikamwambia namalizia kwa kijani, arudi kesho nimbadilishie. Akacheka. "Nani ataangalia miguu yangu, mama?" Hakurudi.

Mimi ndiye niliyeangalia. Kazi yangu mbaya naijua hata ikipita mbio.

Mzee alilala hospitali siku tatu bila kufungua macho, ya nne akafa. Binti yangu aliniuliza nani sasa atamshikia misumari. Nilitaka kumwambia umekosea swali, wewe ndiye uliyekuwa unashika. Lakini hakuwa amekosea, alimaanisha huko Jajja alikokwenda.

Mpelelezi aliyepewa kesi alikuwa mtu wa makamo, ana shati lililopauka mabegani, na kwa kweli hakuwa mtu mbaya. Sitasema ni kituo gani. Hapa Kampala watu wengi Kiswahili wanakijua kama lugha ya bunduki, wakisikia askari anakiongea wanafunga mlango. Kwangu ni lugha niliyobembelezewa nayo, na nadhani ndiyo maana yule afande alilegea. Tulikaa ofisini kwake, mimi nasema kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kiingereza, kila sentensi ananirudishia kwa Kiswahili chake cha kipolisi ili tuhakikishe. Nilipofika kwenye uzi akaweka kalamu chini.

"Umeambia nani hii maneno?"

"Sijamwambia mtu."

"Usiambie. Hata bwana yako usiambie. Hii uzi ndio kesi yangu, mama. Sisi hatuna sura ya siku ile, hatuna namba ya boda. Ile kijana ikisikia tu, itachoma suruali, mimi nabaki na nini? Nabaki na hewa."

Hilo nataka ulikumbuke. Alilisema mwenyewe, kwa mdomo wake, kabla ya kuniuliza tarehe ya kuzaliwa.

Nikamwambia nami nina sharti. Jina langu lisitoke. Nina mtoto wa miaka sita anayerudi peke yake kutoka shule, na baba yake yuko mbali, na yule kijana anajua ninapokaa kwa sababu alisimama mbele ya cherehani yangu.

"Jina lako haitatoka hapa. Naapa." Akayapigia mstari yale majina yangu mawili ya kwenye kadi, mara mbili, akaandika pembeni neno la Kiingereza lenye maana ya siri. Nililiona. Nikaenda nyumbani nimepumua.

Kisha kukawa kimya. Wiki ikapita, ya pili ikaingia. Tulikuwa tumeshamzika mzee, kibanda chake kimekaa na viatu vya watu vilivyokufa bila soli, na polisi hawasemi kitu. Sitaki kujifanya msafi hapa. Gari la redio moja lilipokuja mtaani kuuliza watu, mimi nilikuwa miongoni mwa wanawake waliozunguka kile kinasa sauti. Wengine walisema polisi wamekula. Mimi nikapaza sauti nikasema, "Waseme basi wamefika wapi! Au maskini akifa hata habari yake inazikwa naye?" Nilimaanisha. Faili linalozungumzwa haliwezi kulaliwa vizuri, kila mtu hapa anajua hivyo. Nilitaka waseme. Ila nilidhani mtu mzima akiambiwa aseme anajua kuchagua cha kusema.

Siku chache baadaye, saa tano asubuhi, mume wangu akapiga simu. Yeye hapigi asubuhi, huwa yuko zamu. Sauti yake ilikuwa chini, kama aliyejificha chooni.

"Umefanya nini huko?"

"Nimefanya nini? Natia zipu."

"Nimeona video. Wameirusha kwenye kundi la walinzi wa Uganda huku. Msemaji wa polisi anakutaja."

"Anamtaja nani?"

"Wewe. Mama Fulani. Mama Fulani wa Kamwokya, mshona nguo. Jamaa hapa wananiuliza, huyo si mkeo? Kwa nini hukuniambia?"

Sikuwa nimemwambia kwa sababu afande alinikataza. Yaani mume wangu, aliyeko bahari kadhaa kutoka hapa, alijua siri yangu kutoka kwa polisi kabla ya kuijua kutoka kwangu. Akanitumia ile video. Mtandao ulikuwa mzito, picha ikawa inazunguka, inazunguka, na mimi nimeshika simu juu ya zipu ya mtu.

Msemaji alisimama mbele ya vipaza sauti kama kumi, amevaa sare iliyopigwa pasi vizuri. Alisema kwa Kiingereza kisha kwa Luganda. Alisema umma usiwe na wasiwasi, wapelelezi wako karibu kabisa na mtuhumiwa. Alisema wanamshukuru shahidi mmoja, ambaye kwa usalama wake hawatataja jina lake, mama jasiri, mshona nguo, Mama Fulani wa Kamwokya, aliyeitambua suruali ya mhalifu kwa uzi wa kijani alioutia mwenyewe kwenye mguu wa kushoto. Mwandishi mmoja alicheka kwa kufurahia. Ilikuwa habari tamu, lazima niseme. Hata mimi, kama ingekuwa ya mwanamke mwingine, ningeisikiliza mpaka mwisho.

Mtuhumiwa alikuwa bado hajakamatwa.

Nikanyanyua kichwa. Kijia kizima kilikuwa kinanitazama. Jirani yangu muuza matoke, yule wa dawa ya minyoo, alikuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Mama Fulani, umekuwa nyota! Na mimi nitie uzi wa kijani kwenye gauni langu la gomesi nitokee kwenye TV!"

Watu wakacheka. Dereva mmoja wa boda akadakia, "Msimpe suruali zenu huyo. Ukivuta bangi tu, upindo unaripoti kituoni."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka nao, Mungu anisamehe, kwa sababu sikujua uso wangu niuweke wapi. Ilipofika alasiri hakuna aliyecheka tena. Mteja mmoja alikuja kuchukua nguo yake ambayo haijakwisha, akasema atamalizia kwingine. Kisha mwingine. Jirani akaja akaketi karibu nami, akanong'ona, "Bambi, masikini wewe, hiyo waliyofanya si nzuri. Mwenye hiyo suruali tunamjua, ana kaka zake."

Nilifunga cherehani nikaenda kituoni. Sikukaa kwenye foleni. Mpelelezi alikuwa anakula mahindi ya kuchoma mezani, akayafunika kwa gazeti aliponiona.

"Afande, uliapa."

"Kaa kwanza, mama."

"Sikai. Uliapa."

"Hatukutaja jina yako." Alitoa faili, akaligeuza kunielekea, akaweka kidole kwenye yale majina mawili yenye mistari. "Ona. Hii hapa. Nani amesema hii? Redio gani? Nionyeshe. Hakuna mtu amesema."

"Wamesema Mama Fulani."

"Eh. Hiyo si jina. Hiyo ni... hiyo ni kuita tu. Mama nani, Mama nani, wamejaa Kampala."

"Afande, mkeo mtaani anaitwaje?"

Akafunga faili.

"Nakuuliza. Mtu akija mtaani kwenu akauliza kwa majina ya kitambulisho cha mkeo, atampata?"

Akatazama mahindi yake chini ya gazeti. Nilimwona anavyoanza kuelewa, polepole, kama mtu anayepapasa mfuko na kukuta umetoboka. Akasema mke wake anaitwa kwa mtoto wao wa kwanza. Akasema hata yeye mwenyewe, kwenye daftari lake la kazi, aliniandika Mama Fulani kwa sababu ndivyo watu walivyomwelekeza alipokuwa ananitafuta. Msemaji alipopiga simu akitaka "kitu cha kuwapa waandishi", alimsomea lile daftari. Majina ya kwenye faili aliyalinda. Aliyalinda kwelikweli, kama mayai.

"Na uzi?" nikamuuliza. "Uzi nao ni kuita tu?"

"Hiyo imetoka juu, mama. Watu walikuwa wanapiga kelele polisi imelala. Wakubwa wanataka kuonyesha kazi."

Nilitaka kumtukana. Nikakumbuka sauti yangu kwenye kile kinasa sauti, na tusi likakwama.

Mimi elimu yangu ni kidato cha nne, sijui sheria zao zinasemaje. Lakini hata mimi ninayepinda suruali ningeweza kumwandikia yule msemaji karatasi yake. Mzee ameuawa. Tunamtafuta aliyemuua. Aliyeona kitu aje kwetu, hatutamwanika. Tukimpeleka mtu mahakamani tutawaambia. Ingetosha. Mtaa ungejua wanafanya kazi, waandishi wangepata cha kuandika, na yule kijana angeendelea kuvaa suruali yake. Na kabla ya kufungua mdomo, amwite mtu mmoja tu wa mtaa ule, hata mfagiaji wa kituo, amsomee, amuulize, "Ukisikia hivi, unamjua ni nani?" Mfagiaji angemwambia.

Walimkamata kijana siku nne baadaye. Walipekua chumba chake, wakakuta suruali nyingi, jinzi, za michezo, hata ya suti. Kaki hakuna. Akasema hajawahi kuvaa kaki tangu amalize shule. Akalala kituoni siku mbili, wakamwachia kwa dhamana ya polisi, na hilo nalo nililisikia redioni.

Mwandishi wa ile redio alikuja kunitafuta, kijana mwenye adabu, amebeba begi. Alitaka kunihoji kama mama jasiri. Nilimuuliza kama alipolisikia lile jina hakuona kitu. Akasema aliona, ila alidhani wameshaniomba ruhusa. Nikamuuliza kwa nini hakulikata.

"Dada, ningelikata, redio nyingine tisa zingelitangaza. Mimi ningeonekana sijui kazi."

"Kwa hiyo mlinianika redio kumi badala ya tisa."

Akarekebisha mkanda wa begi lake. Kisha, nadhani kwa mazoea tu, akaniuliza kama nina neno la mwisho kwa wasikilizaji. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa baraza.

Tangu siku ile nilikuwa namfuata mwanangu shuleni mwenyewe. Siku moja bibi harusi alinishikilia na gauni lake, nikachelewa, labda dakika kumi. Nilipofika getini alikuwa amesimama peke yake, ameshika pipi mkono mmoja, na mkono mwingine ameshika kitambaa kimekunjwa.

"Mama, mjomba amesema nikupe."

"Mjomba gani?"

"Ameniita jina langu. Amelisema vizuri, hakukosea kama watu. Amesema, wewe ndiye Fulani? Nikasema ndiyo. Amesema nikwambie kazi yako nzuri."

Nilikikunjua palepale barabarani. Kilikuwa kipande cha suruali, upana wa kiganja, kimekatwa kwa mkasi kuzunguka mguu. Kaki. Uzi wa kijani. Mishono yangu mwenyewe, na pale mwisho nilipofunga fundo vibaya kwa haraka, fundo lilikuwepo.

Pipi nilimnyang'anya nikaitupa mtaroni. Alilia njia nzima, na mimi sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Kesho yake nilikwenda kituoni, mtoto nimemshika mkono, kitambaa kiko ndani ya sidiria. Nilimwomba binti yangu akae kwenye benchi mlangoni, ninapomwona. Nikamweleza mpelelezi. Kitambaa sikukitoa, nilimwambia tu kipo. Akasimama wima. Sijawahi kumwona amefurahi vile.

"Mama! Hiyo imejiletea yenyewe! Hii ni kesi imefufuka. Leta."

"Nikileta, utaandika nini?"

"Nitaandika nimepokea. Kutoka kwako. Kutoka kwa..." Akatazama mlangoni.

"Malizia."

"Mama, mimi siwezi kusema kitambaa imeanguka kutoka mbinguni. Mahakama itauliza nani amepewa, na nani. Mtoto ameona sura yake. Barakoa haikuwepo, sivyo? Basi mtoto ndiye shahidi. Tunachukua maelezo yake polepole, na afande mwanamke, na soda. Jina lake haitatoka. Hii mara mimi mwenyewe..."

Aliishia hapo. Nadhani hata yeye alikisikia kiapo chake cha kwanza.

Binti yangu alikuwa kwenye benchi, anabembea miguu. Amevaa viatu ambavyo mzee alivitia soli mpya wiki ile ya mwisho, soli nene kupita kiasi, akasema hizi zitamfikisha Bibi mpaka darasa la tatu. Nilivitazama. Nilijua ninachotakiwa kufanya kwa ajili ya yule mzee. Alisimama kwa ajili ya simu ya mtu asiyemjua hata jina, na mimi nilikuwa na kitambaa kifuani chenye uwezo wa kumfunga aliyemsukuma, na mtoto aliyemshikia misumari alikuwa na macho yaliyoiona sura. Tulikuwa na kila kitu. Tulichokosa ni mtu wa kumwambia.

"Sikuleti mtoto wangu kwenye daftari lako," nikasema.

"Mama, fikiria mzee."

"Usinitajie mzee. Mzee mlimuua mara ya pili pale kwenye vipaza sauti."

Nikamchukua mwanangu tukatoka. Hakunifuata. Alikuwa na haki ya kunilazimisha, nadhani, na hakuitumia, na hilo ndilo jambo la mwisho jema ninaloweza kusema juu yake.

Tulihama wiki ileile. Sasa tuko upande wa Kyambogo, nashona majoho ya wanafunzi wa chuo na kupunguza sketi zao. Hapa naitwa Fundi. Mwenye nyumba aliniuliza, "Mama nani?" nikamwambia Fundi inatosha, akadhani najivuna. Jirani wa zamani alipiga simu mara moja, akaanza, "Mama Ful..." akajikata mwenyewe. Akaniuliza habari za shule mpaka salio lake likaisha. Kijana yuko nje. Faili limelala, na safari hii hakuna anayepiga kelele, kwa sababu aliyekuwa anapiga kelele ni mimi. Mjane wa mzee sijaenda kumwona. Ningemwambia nini? Kwamba haki ya mumewe iko kwenye droo ya cherehani yangu, chini ya bobini, imefungwa kwenye karatasi ya chapati? Iko hapo. Sijaweza kuitupa na sijaweza kuipeleka.

Kabla ya shule mpya kufunguliwa nililitoa lile sweta. Nililifumua jina kwa ncha ya wembe, herufi baada ya herufi, uzi wa njano ukawa unadondoka mapajani. Nimeshona majina ya watoto wengi na sikuwahi kufumua hata moja. Sufu ikabaki na vitobo. Ukilinyoosha kwenye mwanga unalisoma bado, ikabidi nishonee kiraka cheusi juu yake. Binti yangu alisimama ananitazama. Nilimwambia shule hii hawaandiki majina kwenye masweta. Akasema, "Nikilipoteza je?" Nikamwambia nitamnunulia jingine.

Siku ya kwanza mwalimu alitupokea mlangoni mwa darasa. Mwanamke mzuri, ana chaki kwenye kidole. Akachuchumaa mpaka akalingana na mtoto, akamwuliza kwa upole, "Karibu, mama. Unaitwa nani?"

Mwanangu, ambaye tangu alipojua kuongea alikuwa analitangaza jina lake kwa wauza maji, kwa mbuzi, kwa kila aliyepita, hakujibu. Aligeuka akanitazama mimi kwanza.

Mwalimu naye akanitazama. Wote wawili wakawa wananingoja.

Nikataja jina jingine.